Maziwa na Chakula Kigumu: Kanisa na Uchaguzi wa Vitabu vya Watoto

Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho aliwakumbusha kwamba hapo mwanzo aliwalisha kwa maziwa, kwa kuwa hawakuwa bado na nguvu za kula chakula kigumu (1 Kor. 3:2). Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania naye anautumia mfano huo huo, ila yeye analalamika kwamba wasomaji wake wamechelewa mno kuachishwa maziwa (Ebr. 5:12-14). Katika mahubiri yetu mfano huu huelezwa kuhusu ukomavu wa imani. Katika makala hii tunakusudia kuutazama kwa upande wake wa kawaida zaidi: ni kitabu gani apewe mtoto gani, na kwa wakati gani? Wengi wetu hudhani kwamba hilo ni swali la mwalimu wa shule ya msingi, wala si la mchungaji. Lakini historia inaonyesha kwamba Kanisa limelishughulikia tangu zamani, na kwamba mara kadhaa limelijibu vizuri kuliko tunavyolijibu sisi.

Tuanze na Yeronimo. Mwanzoni mwa karne ya 5 alimwandikia mama mmoja wa Roma, jina lake Laeta, barua juu ya malezi ya binti yake Paula. Anashauri mtoto atengenezewe herufi za mti au za pembe za ndovu, azichezee, na mpangilio wake uvurugwe mara kwa mara ili azitambue kwa macho, asizikariri kwa wimbo tu. Hata maneno ya kwanza ya kujizoeza yasiokotwe ovyo. Yawe ni majina ya manabii, ya mitume na ya mababu tangu Adamu, ili kazi moja ilete faida mbili. Kisha anapanga Maandiko kwa utaratibu: kwanza Zaburi, halafu Mithali, Mhubiri na Ayubu, ndipo Injili, Matendo na Nyaraka, baadaye manabii na vitabu vya historia. Wimbo Ulio Bora anauweka mwisho kabisa, kwa kuhofia kwamba msomaji mchanga atayashika maneno ya mwili bila kuiona maana ya kiroho.

Hatusemi kwamba utaratibu huo ufuatwe leo. Kitabu cha Ayubu si chepesi kwa mtoto yeyote, na Paula alikuwa mwanafunzi mmoja katika nyumba ya watu wenye mali. Jambo la kuzingatia ni lingine. Mtu huyu, aliyeyapenda Maandiko hata akatumia miaka mingi kuyatafsiri kwa Kilatini, hakuona kwamba utakatifu wa kitabu peke yake ni sababu ya kutosha ya kumpa mtoto kitabu hicho kwanza.

Swali hili lilikuja kwa nguvu zaidi katika Matengenezo ya Kanisa, maana sasa halikuhusu binti wa tajiri mmoja bali watoto wa sharika nzima. Mwaka 1524 Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwahimiza kuanzisha na kutunza shule. Miaka minne baadaye ulifanyika ukaguzi wa sharika za Saksonia, na Philipp Melanchthon akatunga maagizo kwa ajili ya wakaguzi, yakachapwa mwaka 1528 yakiwa na dibaji ya Luther. Sehemu ya mwisho ya maagizo hayo inahusu shule. Humo Melanchthon anawagawa watoto katika makundi matatu, si kwa umri wao wala kwa cheo cha wazazi wao, bali kwa kiwango chao cha kusoma.

Kundi la kwanza ni wale wanaojifunza kusoma. Wanapewa kitabu kidogo chenye alfabeti, Sala ya Bwana, Imani na sala nyingine, kisha sarufi ya Donatus na mafumbo mafupi ya maadili yajulikanayo kwa jina la Cato. Kundi la pili ni wale wanaoweza kusoma na sasa wanajifunza sarufi; hao wanasomeshwa hekaya za Aesop na maandishi mengine mepesi. Kundi la tatu ni wale waliokwisha kuimarika, nao ndio wanaofikishwa kwa Virgil, Ovid na Cicero. Mtoto haruki kundi. Tena mwalimu anaonywa asiwalemee watoto kwa wingi wa vitabu.

Lakini neno zito kuliko yote katika maagizo hayo linahusu Biblia. Kwa watoto wa kundi la pili Melanchthon anachagua Zaburi chache zilizo rahisi na zilizo wazi, na Injili ya Mathayo ielezwe kwa maneno yake ya kawaida. Wakishakua kidogo, nyaraka mbili kwa Timotheo, Waraka wa Kwanza wa Yohana, au Mithali za Sulemani. Kisha anasema kwamba haifai kuwatwika vijana vitabu vigumu na vya juu, kama wafanyavyo baadhi ya walimu wanaowasomesha Isaya, Waraka kwa Warumi na Injili ya Yohana kwa ajili ya kujitafutia sifa wao wenyewe.

Tutafakari ni nani asemaye hivyo. Ni Melanchthon yule yule ambaye mwaka 1521 alitoa kitabu cha kwanza cha mafundisho ya imani ya Kiinjili, nacho kilitokana na kazi yake ya kuufundisha Waraka kwa Warumi. Hakuna aliyeweza kumshutumu kwamba anaudharau waraka huo. Kwa kuwa aliupenda, hakutaka uwe pambo la mwalimu mbele ya wageni huku mtoto akitoka mikono mitupu. Melanchthon aligundua kwamba mara nyingi kitabu kigumu huchaguliwa kwa faida ya yule anayekichagua.

Mwaka uliofuata, 1529, Luther alitoa Katekismo Ndogo na Katekismo Kubwa. Sehemu za ile ndogo zilichapwa kwanza kwenye karatasi za kubandikwa ukutani. Katika dibaji yake anawaagiza wachungaji hatua tatu. Kwanza, wachague namna moja ya maneno wala wasiibadilishe mwaka hata mwaka, maana wadogo na wasiojua huchanganyikiwa wakisikia leo hivi na kesho vile. Pili, wakishayajua maneno, wafundishwe maana yake, sehemu kwa sehemu, bila haraka. Tatu, baada ya hayo, ichukuliwe ile Katekismo Kubwa, ili wapate ufahamu mpana zaidi. Mwaka 1530, alipokuwa katika ngome ya Coburg wakati wa Bunge la Augsburg, Luther alianza kuziandika upya hekaya za Aesop kwa Kijerumani chepesi, zipate kuwafaa watoto na watu wa nyumbani. Huyo ndiye mfasiri wa Biblia, na katikati ya mashaka makubwa ya Kanisa aliona inafaa kutumia siku zake kwa hadithi za mbwa-mwitu na mwana-kondoo.

Hapa huenda msomaji akatupinga. Kama Luther aliamuru maneno yakaririwe kabla ya kufahamika, je, si yeye mwenyewe aliyempa mtoto chakula kigumu? Hoja hii ina uzito, na jibu lake litatusaidia. Kuna maandishi ambayo mtoto hupewa ayabebe moyoni, na kuna maandishi ambayo hupewa ayasome peke yake. Sala ya Bwana hubebwa. Mtoto huipokea kinywani mwa mzazi, naye hukua nayo, na maana humfunukia maisha yake yote. Kitabu cha kusoma si hivyo. Mtoto aliye peke yake na ukurasa hana mzazi wa kumfafanulia. Luther alihakikisha kwamba yale ya kubebwa ni machache na mafupi, tena yana ufafanuzi. Kosa huanza pale tunapochukua maandishi marefu na magumu tukayatumia kama kitabu cha kujisomea.

Wengine waliendeleza kazi hiyo. Johann Amos Comenius, askofu wa Umoja wa Ndugu, alitoa mwaka 1658 huko Nuremberg kitabu cha picha cha kuwafundishia watoto Kilatini pamoja na lugha yao, kila picha ikiwa na maelezo mafupi. Huko Sweden, sheria ya Kanisa ya mwaka 1686 ilitaka watu wote, pamoja na watoto na watumishi, wajifunze kusoma, na wachungaji waliwatahini nyumba kwa nyumba. Katika daftari za sharika nyingi za huko mchungaji aliandika alama mbili mbalimbali: moja ya kusoma, nyingine ya kufahamu. Wachungaji wale walijua kwamba mambo hayo mawili si kitu kimoja.

Kwetu Afrika Mashariki Kanisa na kitabu viliingia pamoja. Huko Buganda Wakristo wa kwanza waliitwa wasomaji, na katika misheni nyingi njia ya kwenda kwenye ubatizo ilipita darasani. Biblia nzima kwa Kiswahili ilipatikana mwaka 1891, na ile ya tafsiri ya Muungano mwaka 1952. Tunamshukuru Mungu kwa urithi huo. Hata hivyo ulikuwa na upungufu wake: mara nyingi mtoto alitoka kwenye kitabu cha silabi akaingia moja kwa moja katika Agano Jipya, pasipo ngazi ya katikati. Hadithi zilikuwapo; Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Unguja, alizikusanya na kuzichapa mwaka 1870. Lakini vitabu vilivyotungwa makusudi kwa ngazi za watoto vilibaki haba kwa muda mrefu, hata ilipoanzishwa kazi kama ile ya Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania mwaka 1991. Na upimaji wa Uwezo, uliofanyika katika nchi zetu, umeonyesha kwamba watoto wengi wa darasa la 3 hawawezi kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la 2. Watoto hao ndio wanaokaa katika mabenchi ya shule zetu za Jumapili.

Lugha yetu nayo ina hatari yake ya pekee. Huko Marekani wataalamu wa karne ya 20 walijaribu kupima ugumu wa kitabu kwa hesabu. Edward Thorndike alitoa mwaka 1921 orodha ya maneno 10,000 yatumikayo sana, na Rudolf Flesch mwaka 1948 alitoa kanuni inayohesabu urefu wa sentensi na idadi ya silabi. Kanuni ya namna hiyo haiwezi kuhamishiwa kwetu bila kurekebishwa. Neno "hawatatusomea" lina silabi saba, na mtoto mdogo analielewa mara moja. Neno "haki" lina silabi mbili tu, na mtu aweza kulitafakari hadi uzee. Zaidi ya hayo, Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto aliyezishika silabi aweza kuusoma Waraka kwa Warumi kwa sauti safi, pasipo kujikwaa hata mara moja, asiambulie kitu. Katika lugha nyingine mtoto akikosa kufahamu, mara nyingi ulimi nao hukwama, na mwalimu akatambua. Kwetu ulimi haukwami.

Jambo hili tumelifanya sisi wenyewe. Tulipokuwa tukihudumu usharikani, tulitarajia ugeni mkubwa siku ya kipaimara, tukamchagua binti mmoja wa darasa letu asome Warumi 8. Alisoma vizuri sana, na wageni wakatupongeza. Baada ya ibada, mzee mmoja wa Kanisa akamwuliza kwa upole, "Mjukuu wangu, umetusomea nini leo?" Binti akatutazama sisi, kana kwamba jibu tulikuwa nalo sisi. Wakati ule hatukuwa tumeyatilia maanani maagizo ya mwaka 1528. Tulipoyasoma baadaye tulijiona humo.

Tunajifunza nini, basi? Kwanza, kabla ya kuchagua kitabu, tumchunguze mtoto. Ukurasa mmoja watosha: asome, afunge kitabu, asimulie kwa maneno yake. Akishindwa kusimulia, kitabu hicho bado ni cha kusomewa na mkubwa, si cha kujisomea. Pili, vitabu vichache vilivyo wazi vyafaa kuliko rundo. Visa vya Injili ya Marko, mifano ya Bwana wetu, Ruthu na Yona vitangulie hoja za nyaraka. Na hadithi njema za kwetu zisidharauliwe, maana Luther hakuzidharau za Aesop. Tatu, makundi yasiwe kifungo. Mwandishi wa Waebrania anawalaumu waliobaki kwenye maziwa. Mtoto aliyeweza kusimulia Marko na apandishwe, naye mwenzake asiaibishwe kwa kubaki chini kwa muda.

Wako wanaosema kwamba Roho Mtakatifu hulifungua Neno kwa amtakaye, hata awe mtoto. Ni kweli, wala hatumwekei Roho mipaka. Lakini Filipo alipolikaribia gari la yule towashi Mwethiopia hakumwachia Roho kazi aliyokuwa ametumwa kuifanya yeye. Aliuliza kama msomaji anayafahamu anayoyasoma (Mdo. 8:30). Kitabu kilikuwa Isaya, na msomaji alikuwa mtu mzima, mwenye cheo na elimu. Tusiache kuwauliza watoto wetu swali hilo.