"Labda" ya Robert Boyle: Shaka na Udadisi Katika Kiingereza cha Maandishi

Wanafunzi wetu hapa Uganda wanapotafsiri makala za sayansi kutoka Kiingereza, aghalabu huacha maneno kama "perhaps" na "it seems". Huyachukulia kuwa madoido ya adabu, au dalili ya mwandishi asiyejiamini. Historia ya maneno hayo yatufunza vingine.

Mwaka 1661 Robert Boyle, mwanasayansi mzaliwa wa Ireland, alichapisha insha zake kuhusu elimu ya maumbile. Humo alieleza kwa nini alitumia maneno hayo mara nyingi karibu katika kila insha. Matukio aliyoyashuhudia katika majaribio aliyataja kwa uhakika. Sababu za matukio hayo alizitaja kwa tahadhari, kwani hakuwa na hakika na rai alizoelekea kuzikubali. Mwaka uliotangulia, yeye na wenzake walikuwa wameanzisha Royal Society mjini London, chama kilichokataa jambo kukubaliwa kwa sababu tu limesemwa na mkubwa fulani.

Isaac Newton naye alitumia njia ya maswali. Kitabu chake kuhusu nuru, Opticks, cha mwaka 1704, kilimalizika kwa maswali 16, ambayo katika matoleo ya baadaye yalifikia 31. Mengi yaliulizwa kwa ukanushi, mathalani: je, vitu haviathiri nuru vikiwa mbali nayo? Kwa njia hiyo aliweza kutoa dhana ambazo hakuwa amezithibitisha, na kuwaachia wengine wazichunguze.

Basi mwandishi wa aina hii hutenganisha mambo matatu: niliyoyaona, ninayoyadhani na ninayojiuliza. Kiswahili kina zana zote za kazi hiyo: yaonekana, yamkini, huenda, pengine, labda. Neno "labda" lenyewe lina kisa. Asili yake ni Kiarabu, lenye maana ya "hapana budi". Kwetu likageuka kuwa neno la shaka, ilhali "budi" ya asili hiyo hiyo ikabaki upande wa lazima!

Walimu wenzangu, tusahihishapo tafsiri tuyapime maneno haya madogo. "Dawa hii huenda ikapunguza homa" si sawa na "Dawa hii hupunguza homa". Mfasiri aachaye "huenda" amegeuza dhana kuwa ushahidi, na mgonjwa aweza kuiamini.