Dawa Chungu ya Amani

Hapa Kimara majirani huja uani kwangu kuchuma majani ya mwarobaini, mti ambao waganga wa Bara Hindi waliutumia karne nyingi kabla yetu. Kila mara humkumbuka marehemu babu yangu. Mwarobaini ulikuwa haumtishi. Alikuwa akisema uchungu wa kweli aliubeba kichwani, ila hakuunywa.

Alikuwa mpagazi wa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, na mzigo wake mmojawapo ulikuwa sanduku la kwinini.

Kwinini hutoka katika magome ya mti wa milimani, asili yake ni Andes huko Amerika ya Kusini. Wajerumani waliuotesha Amani, katika Usambara Mashariki, kwenye kituo cha utafiti walichokianzisha mwaka 1902. Vita vilipozuka mwaka 1914, manowari za Waingereza zilifunga pwani na dawa za Ulaya zikaadimika. Ndipo Amani ikatengeneza kwinini kwa magome yake yenyewe. Mwaka 1916 Waingereza waliiteka Amani. Jeshi la Lettow-Vorbeck, likirudi nyuma kuelekea kusini, likawa linachemsha magome porini na kunywa maji yake. Wazungu wale waliyaita, kwa mzaha, pombe ya Lettow.

Dawa ilipopungua, Wazungu walitangulizwa. Wapagazi wa pande zote mbili walikufa kwa makumi ya maelfu, na walioangushwa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliopigwa risasi. Novemba 1917, kabla ya jeshi kuvuka Mto Ruvuma, wagonjwa waliachwa nyuma. Babu alikuwamo, akitetemeka kwa homa. Sanduku lake alipewa mwingine.

Haya alinisimulia nikiwa kijana, nami, ndugu msomaji, niliyaona ni hadithi za wazee. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu niliifundisha Amani kwa sifa tupu: mwaka wa kuanzishwa, mimea iliyoletwa, ustadi wa wataalamu. Babu sikumtaja hata siku moja. Nilidhani historia ni ile iliyoandikwa vitabuni, na yeye hakuwa na kitabu.

Siku moja mwanachuo aliyeketi nyuma alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, hiyo dawa walikunywa akina nani?"

Jibu nilikuwa nalo tangu utotoni. Nilitazama saa, nikamwambia tuendelee na somo.