Kazi Ilirudishwa, Mshahara Ukasahauliwa

Agosti 22, 1990, karibu wiki tatu baada ya Iraki kuivamia Kuwait, Rais George H. W. Bush aliidhinisha kuitwa kwa askari wa akiba wa Marekani. Hadi vita vya Ghuba vinamalizika mwaka uliofuata, zaidi ya 200,000 walikuwa wameitwa. Walikuwa walimu, wauguzi, madaktari, mafundi, polisi na wenye biashara zao. Walizoea mazoezi ya kijeshi ya wikendi moja kwa mwezi na wiki mbili kwa mwaka, kisha Jumatatu wanarudi kazini. Safari hii waliondoka kwa miezi. Sheria iliwahakikishia kwamba kazi zao watazikuta. Kuhusu mshahara wa miezi hiyo, sheria haikusema neno. Aliyekuwa akipata kazini mara mbili ya malipo ya jeshi alibaki na nusu, huku benki ikidai rejesho la nyumba na shule ikidai ada.

Ahadi ya kazi ilikuwa na umri wa miaka 50 wakati huo. Mwaka 1940 Ulaya ilikuwa vitani na Marekani ikijiandaa. Agosti 27 Kongresi iliruhusu Walinzi wa Taifa na askari wa akiba waitwe kwa miezi 12. Septemba 16 Rais Franklin Roosevelt akatia saini sheria ya kuandikisha vijana jeshini, ya kwanza nchini humo wakati wa amani. Watu walikuwa wangali na kumbukumbu ya mdororo mkuu wa uchumi, miaka ambayo kupoteza kazi kulimaanisha njaa, na hakuna aliyetaka kijana arudi kutoka kambini aambiwe nafasi yake imejazwa. Kwa hiyo sheria ikaweka kifungu: anayemaliza utumishi akiomba kazi yake ndani ya siku 40, arudishiwe nafasi yake au inayolingana nayo kwa daraja na mshahara, na asifukuzwe bila sababu ya haki kwa muda wa mwaka mmoja.

Kifungu hicho kilipata tafsiri yake kuu mwaka 1946, katika kesi ya mchomeleaji vyuma wa karakana ya meli ya Brooklyn aliyeitwa Fishgold. Alirudi kutoka vitani, kazi zikapungua, akasimamishwa huku wenzake ambao hawakwenda jeshini, lakini walioajiriwa kabla yake, wakiendelea. Alidai kwamba askari aliyerudi apewe kipaumbele. Mahakama Kuu ilimkatalia. Hata hivyo Jaji William O. Douglas aliandika jambo lililowafaa askari wote waliomfuata: ukongwe kazini ni kama ngazi ya umeme inayopanda yenyewe, na askari harudi kwenye kidato aliposhukia, bali pale ambapo angekuwa amefika kama asingeondoka kamwe. Mwaka 1977 mahakama hiyohiyo ikautumia msingi huo kwenye pensheni: miaka ya jeshini ihesabiwe kana kwamba mtu alikuwa kiwandani.

Msingi huo ulibeba daraja na pensheni. Mshahara wa kipindi cha kuwa jeshini haukuwemo, na ndipo vita vya Ghuba vilipofichua pengo.

Kongresi ilijibu kwa hatua mbili. Ya kwanza ilifanikiwa: sheria ya Oktoba 1994, iliyosainiwa na Rais Bill Clinton, iliyokusanya haki zote mahali pamoja na kuzilinda kwa jumla ya miaka 5 ya utumishi kwa mwajiri mmoja. Aliyekuwa jeshini kwa zaidi ya siku 180 ana siku 90 za kuomba kurudi kazini. Bima ya afya ya kazini anaweza kuiendeleza, kwa miezi 18 hapo mwanzo na 24 tangu 2004.

Hatua ya pili watu wachache wanaikumbuka, nayo ndiyo inayonisikitisha zaidi. Oktoba 1996 ilianzishwa bima ya kipato: askari wa akiba alipe kila mwezi, na akiitwa alipwe hadi dola 5,000 kwa mwezi. Waliojiunga walikuwa wachache, na wengi wao walijua tayari kwamba zamu yao ya kupelekwa Bosnia imekaribia. Mfuko ukakauka mapema mno. Walioitwa wakapokea sehemu ndogo sana ya walichoahidiwa, na Novemba 1997 mpango ukafutwa, serikali ikilazimika kutoa fedha za kulipa madeni. Serikali ndiyo inayomwita mtu vitani. Kumtaka ajikatie bima dhidi ya wito wa serikali hiyohiyo ni kumbebesha mzigo usio wake. Israeli walichagua njia nyingine: mwajiri anaendelea kulipa mshahara, kisha Bima ya Taifa inamrudishia.

Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, wito haukukoma kwa miaka mingi. Kampuni kadhaa kubwa ziliamua zenyewe kulipa tofauti kati ya mshahara wa kazini na malipo ya jeshi. Mwaka 2008 sheria ya kodi iliwapa waajiri wadogo nafuu ya asilimia 20 ya malipo hayo, kwa kiwango kisichozidi dola 20,000 kwa mfanyakazi. Watumishi wa serikali kuu walianza kulipwa tofauti hiyo kwa lazima Machi 2009, na hata wao walibishaniwa haki hiyo. Mwongoza ndege mmoja, askari wa akiba wa kikosi cha ulinzi wa pwani, alinyimwa kwa hoja kwamba kazi yake jeshini haikuhusiana moja kwa moja na hali ya dharura. Aprili 30, 2025, Mahakama Kuu ilimpa ushindi kwa kura 5 dhidi ya 4: inatosha kwamba aliitwa wakati dharura ya kitaifa ikiendelea.

 Askari wa akiba walioajiriwa na kampuni binafsi hukumu hiyo haiwagusi. Kwao sheria ya 1994 bado inarudisha kazi, na pengo la mshahara linazibwa tu pale mwajiri anapopenda.