Kiwewe huweza kukatiza hedhi

MWANAMKE aliyebakwa, aliyepigwa na mumewe au aliyefiwa ghafla anaweza kukosa hedhi kwa miezi kadhaa ilhali hana mimba.

Hedhi huongozwa na ubongo. Sehemu yake iitwayo haipothalamasi huiamrisha tezi ya pituitari, nayo huchochea ovari kupevusha yai. Mtu anapoishi kwa hofu, mwili huzidisha homoni ya kotisoli na amri hiyo hufifia. Hapo damu huchelewa, huvurugika au hukatika kabisa.

Katika kambi ya Stanley, Hong Kong, ambako Wajapani waliwazuilia raia wa kigeni tangu 1942, wanawake wengi walikosa hedhi. Njaa ilichangia, sawa na dhiki ya kifungo.

Katika Mji wa Kale wa Mombasa, suala hili lina uzito wa kisheria pia. Waislamu wengi wa huko hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu eda ya mtalaka anayepata hedhi kwa twahara tatu. Damu ikikatika, hesabu hukwama: mwanamke hajui lini eda yake itakwisha wala lini ataruhusiwa kuolewa tena. Eda ya mjane asiye mjamzito haina tatizo hilo, kwani ni miezi minne na siku kumi.

Mtalaka aliyeachwa baada ya kupigwa hubeba basi mizigo miwili, na huenda jamaa wakamshuku kuwa ana mimba au jini. Cheti cha daktari kinaweza kumsaidia anapopeleka suala lake kwa kadhi.

Daktari huanza kwa kupima mimba, kisha huchunguza tezi ya shingo, ovari na kupungua kwa uzani. Anayekosa hedhi miezi mitatu mfululizo hapaswi kungoja zaidi.

Aliyebakwa afike hospitalini mara moja. Dawa za kuzuia Ukimwi huanzishwa kabla ya saa 72 kupita, na za kuzuia mimba ndani ya siku tano. Huduma kwa waathiriwa hupatikana kisiwani katika Hospitali Kuu ya Pwani, na simu ya bure ya taifa ni 1195.

Aghalabu hedhi hurejea mwili unapotulia, lakini kiwewe chenyewe huhitaji ushauri nasaha. Aidha, yai linaweza kupevuka kabla ya damu ya kwanza kuonekana. Hivyo kukosa hedhi si kinga ya mimba.