Masihi: Mpakwa Mafuta Gani?

Ukitoka Bungoma mjini kwenda Bumula kwa bodaboda, utapishana na pikipiki zilizojaa maandishi kama khanga. Moja niliisoma kwenye madigadi ya nyuma, chini ya tope: "Usimguse Mpakwa Mafuta." Mwenyewe alibeba magunia mawili ya mahindi na mama mmoja. Sikumgusa. Lakini alikuwa amejitwisha cheo kizito kuliko magunia yale.

Neno Masihi asili yake ni Kiebrania, na shina lake ni kitendo cha kawaida kabisa: kupaka. Kiarabu kina shina hilo hilo, nalo ndilo litajwalo Mwislamu anapopangusa kichwa kwa maji akitawadha. Kwa njia ya Kiarabu, Kiswahili kikapata Masihi, na Kurani inamtaja Isa kwa cheo hicho mara 11. Wayunani hawakuishia kutohoa, walitafsiri: wakasema Khristos, yaani aliyepakwa. Sisi tukaja tukaitohoa tafsiri yao, tukapata Kristo. Ndivyo tulivyobaki na maneno mawili ya kigeni kwa jambo moja, huku la kwetu, mpakwa mafuta, likiachiwa madigadi.

Matokeo yake ni kwamba Kristo limegeuka jina la ukoo. Waumini wengi hulisikia kana kwamba Yesu angechukua kitambulisho leo, Kristo lingejazwa penye jina la baba. Na hali hilo ni dai, tena dai lililozua ugomvi: huyu ndiye mfalme aliyeahidiwa.

Wafasiri wa Biblia ya Union Version, iliyotoka 1952, walituachia mlango wazi ambao wachache huupita. Katika Agano la Kale waliandika masihi kwa herufi ndogo. Sauli, mfalme aliyeharibikiwa, ni masihi. Katika Isaya 45 Koreshi, mfalme wa Uajemi asiyemjua hata Mungu wa Israeli, naye ni masihi. Kumbe cheo hicho hakikuwa cha mtu mmoja, wala hakikuwa cheti cha utakatifu. Aliyepakwa ni aliyetengwa kwa kazi, basi. Herufi kubwa ilikuja baadaye, wafalme walipokwisha na watu wakabaki wakimngoja mmoja wa kuwatoshea wote. Kwangu, herufi ile ndogo ni somo kubwa kuliko mahubiri mengi.

Sasa, mafuta gani? Mtoto wa Kimaeti, huko Bumula, ana haki ya kuuliza. Kwao kuna mafuta ya kupikia, mafuta ya taa, mafuta ya kujipaka baada ya kuoga, na yale ya pikipiki ambayo bei yake humfanya baba anune. Kiswahili kimeyaweka yote chini ya jina moja. Yale ya Kutoka 30 yalikuwa mafuta ya zeituni yaliyochanganywa na manemane, mdalasini, kida na miwa yenye harufu nzuri, na ilikatazwa kujitengenezea nyumbani. Kazi yake haikuwa kulainisha ngozi. Yalikuwa alama, tena alama inayonukia: ukikaribia, unajua mtu huyu ametengwa. Wabukusu, wenyeji wa Bungoma, hawahitaji kuelezwa sana hapo. Mvulana anayepakwa tope mtoni alfajiri ya tohara hapakwi kwa sababu ni mchafu wala msafi, bali kwa sababu hatarudi nyumbani akiwa yule aliyetoka.

Wakatoliki wanalo neno ambalo wangelifurahia zaidi wakilisikiliza: krisma, jina la mafuta yao matakatifu. Ni ndugu wa damu wa Kristo. Askofu huyabariki mafuta hayo mara moja kwa mwaka, karibu na Pasaka, na mjini Bungoma kanisa kuu lenyewe ni la Kristo Mfalme, yaani, ukilifumbua, Mpakwa Mafuta Mfalme. Mkristo naye ni wa ukoo huo huo wa neno. Marafiki, yaani Waquaker, walio wengi huku kwetu, hawatumii maji ya ubatizo wala mafuta, na bado huitwa Wakristo. Lugha imewapaka bila idhini yao.

Makanisa ya uamsho yamezaa upako, neno zuri lenye mzizi wetu. Shida ni kwamba limehamia kwa mhubiri, na chupa ya mafuta yake inauzwa. Na akihojiwa kuhusu sadaka, jibu ni lile la madigadi: usimguse masihi.

Aliyetoa mfano wa kutomgusa masihi ni Daudi, katika pango la Engedi, Sauli alipoingia kujisaidia. Someni 1 Samweli 24 hadi mwisho. Daudi hakumwua, ni kweli. Lakini alikata upindo wa vazi lake, akatoka nje, akamwonyesha, na kumweleza masihi makosa yake kwa sauti.