Mzazi wa Ng'ambo ya Mpaka: Matunzo ya Wazee Wahamiaji na Hofu ya Kupoteza Stahili za Umma, Bukoba na Muleba

Historia ya uhamiaji mkoani Kagera imezoeleka kuandikwa kwa makundi: vibarua, wakimbizi, wahamiaji haramu. Makundi hayo huficha uhusiano uliodumu kuliko yote, yaani ule wa mtoto aliyezaliwa Bukoba au Muleba na mzazi aliyezaliwa Rwanda au Burundi. Hoja ya makala hii ni kwamba, tangu uhuru, kumtunza mzazi wa aina hiyo kumekuwa pia kuishi na ushahidi unaoweza kutumika dhidi ya mtoto mwenyewe.

Vibarua kutoka Ruanda-Urundi waliingia Buhaya wakati wa utawala wa Waingereza, pale mapato ya kahawa yalipowawezesha Wahaya kuajiri watu wa kulima na kupalilia. Wengine walikuwa njiani kwenda Buganda, baadhi walibaki. Kibarua angeweza kupata kibanda na kipande cha kupanda chakula, lakini kupata kibanja lilikuwa jambo jingine kabisa. Kibanja ni shamba la migomba na kahawa, na ni makaburi ya ukoo pia. Anayezikwa humo huwaachia wanawe dai juu ya ardhi. Mgeni hakuwa na kaburi la babaye la kuonyesha.

Sheria ya uraia ya 1961 iliendeleza tofauti hiyo kwa lugha nyingine. Aliyezaliwa Tanganyika alipata uraia moja kwa moja endapo angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa humo. Kibarua aliyezaliwa chini ya Wabelgiji hakuguswa na kifungu hicho, wala mtoto wa wazazi wawili wa namna hiyo. Tajnisi ilikuwapo, lakini ilitaka maombi na maandishi kutoka kwa watu walioishi kwa jembe. Sheria ya 1995 inataja kuzaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano. Hata hivyo, utekelezaji wake umeelekea kuuliza uraia wa mzazi. Hivyo mahali alipozaliwa mama panageuka kuwa swali kuhusu mwanawe.

Swali hilo lilipata makali baada ya 1994, wakimbizi wa Rwanda walipofurika Ngara, na zaidi katika kufukuzwa kwa wahamiaji mwaka 2006 na katika Operesheni Kimbunga ya 2013. Miongoni mwa waliovushwa mpaka walikuwamo watu walioishi Tanzania kwa miongo mingi, na familia zilitengana.

Ni katika kipindi hicho hicho misaada kwa wazee ilipoongezeka. UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, ulikuwa umewaacha mabibi na mababu wakilea wajukuu. Huko Nshamba, wilayani Muleba, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kutoa pensheni ya kila mwezi, pamoja na nyongeza kwa ajili ya watoto. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka huo huo ilimtambua mzee kuanzia miaka 60. Mifuko ya hifadhi ya jamii, kwa upande wake, huwalipa waliochangia, na kibarua wa shamba la kahawa hakuwamo. Mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, ulioanza 2012, ulipitisha majina ya kaya mbele ya mkutano wa kijiji.

Mkutano huo unastahili kutazamwa kwa makini. Majirani wanaojua nani ni maskini ndio hao hao wanaojua nani alitoka wapi. Kaya yenye mzee asiye na kipato ina sababu nzuri zaidi ya kuomba, na pia ina sababu zaidi ya kunyamaza. Mtafiti anayehesabu wazee wahamiaji kwa kutumia orodha hizo anaweza, bila kujua, kuwa anahesabu matokeo ya hofu.

Katika orodha ya kijiji mzee anaweza kuachwa. Katika maombi ya kitambulisho cha taifa haiwezekani, kwa kuwa mwombaji hutakiwa kutoa taarifa za wazazi wake. Na tangu usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, kitambulisho hicho ndicho kinachotakiwa ili kupata laini, ambayo ndiyo njia ya fedha ambazo ndugu walioko Mwanza au Dar es Salaam humtumia mzee huyo huyo.