Kosa la sarufi au lugha ya nyumbani? Mjadala wa alama za uandishi vyuoni

Mwanafunzi wa chuo kutoka Karagwe au Kyerwa akiandika "zambi" badala ya "dhambi", kalamu nyekundu haichelewi. Swali ni hili: alama inayokatwa inapima alichojifunza, au inapima alikozaliwa?

Lugha tatu, mwanafunzi mmoja

Karagwe na Kyerwa, zilizokuwa wilaya moja hadi 2012, ni nyumbani kwa Wanyambo. Watoto wengi huanza kuongea Kinyambo, au Runyambo. Shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili. Sekondari ni Kiingereza, na chuoni hivyohivyo, ukiacha somo la Kiswahili na mengine machache.

Makosa yanatoka wapi?

Sauti za dh, th na gh ziliingia kwenye Kiswahili zaidi kupitia maneno ya Kiarabu. Lugha nyingi za Kibantu za bara hazina sauti hizo, ndiyo maana mtu anaandika anavyotamka.

Mfano mwingine ni "katoto kadogo". Vitabu vingi vya sarufi vinataka "kitoto kidogo". Lakini Kinyambo kinaonyesha udogo kwa kiambishi aka-. Kumbe mwanafunzi hakubahatisha, amefuata kanuni ya kwao. Na kanuni hizo zimeandikwa: mwanaisimu Josephat Rugemalira alichapisha sarufi ya Runyambo mwaka 2005.

Nani aliamua kipi ni sanifu?

Mwaka 1928, mkutano uliofanyika Mombasa chini ya utawala wa Waingereza ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita cha Mombasa kwenyewe, chenye ushairi wa miaka mingi, kikaachwa. Kamati ya lugha ikaanza kazi 1930, na Tanzania ikaunda BAKITA mwaka 1967. Kwa hiyo usanifu ni makubaliano ya watu, si kipimo cha akili.

Pande mbili za mjadala

Wanaotaka haki wanasema kukata alama kwa sababu ya lafudhi ni kumwadhibu mtoto wa kijijini mara mbili. Mjadala huu upo hata Marekani. Mwaka 1974 chama cha walimu wa uandishi wa vyuo kilipitisha azimio la kutetea haki ya wanafunzi kutumia lugha yao wenyewe.

Wanaotetea sarufi nao wana hoja nzito. "Thamani ya nyumba" ni bei yake, "samani za nyumba" ni viti na makabati. Ukichanganya kwenye mkataba, umeumia. Tena waajiri wanasoma barua za kazi kwa jicho la usanifu. Mwalimu asiyemsahihisha mtoto wa maskini anamwacha agundue kosa lake siku ya usaili.

Njia ya katikati

Mwalimu anaweza kutenga alama za hoja na alama za lugha, ili mawazo mazuri yasizame kwa sababu ya "z" na "dh". Pia anaweza kueleza kosa limetoka wapi: Kinyambo kinasema hivi, Kiswahili sanifu kinataka vile. Mwanafunzi akielezwa hivyo anajua cha kurekebisha. Akichekwa mbele ya darasa, safari ijayo hanyooshi mkono.